Uzi: Kuingia kwenye kompyuta ya nyumbani ukiwa mbali na kuonyeshana skrini, kwa sisi wa laini za simu Kigoma

Fundi wa Mwanga

Wakuu, salaam. Maswali ni yale yale kila wiki. Kompyuta ipo Mwanga, mwenyewe yuko Kasulu kikazi. Au wazee wako Ujiji na kijana yuko Dar, anataka kuona wanachokiona wao badala ya kuelekezana kwa simu "bonyeza kile kidude cha juu kulia". Naanza hapa, wajuvi mtaongezea na kunikosoa.

Kabla hujapakua chochote, amua unataka nini: kuingia, au kutazama pamoja. Kuingia ni pale ambapo mbele ya mashine hakuna mtu, unataka tu faili zako na programu zako. Kutazama pamoja ni pale ambapo bi mkubwa amekaa kwenye kiti na nyote wawili mnataka kuona skrini moja. Remote Desktop ya Windows ni ya kuingia. Ukishaingia tu, kioo cha kule kinajifunga, na aliyekaa pale anabaki anatazama sehemu ya kuandika neno la siri. Hapo ndipo simu inapopigwa: "Umeniharibia kompyuta!"

Tuanze na kuingia. Nenda Settings, System, About, usome toleo la Windows. Home haipokei mgeni kwa Remote Desktop, inaweza kwenda kwa wengine tu. Pro, Enterprise na Education zinapokea. Kuna viraka vinavyozunguka mitandaoni vya kuilazimisha Home ipokee. Achana navyo: sasisho la Windows likija vinavunjika, antivairasi inavikamata, na leseni yenyewe hairuhusu. Mwenye Home atumie programu ya RustDesk, tutaifikia.

Mwenye Pro aende Settings, System, Remote Desktop, awashe. Kinachokwamisha wengi baada ya hapo ni akaunti. Akaunti isiyo na neno la siri Windows inaikataa kutoka mbali kwa makusudi. PIN unayobonyeza kila asubuhi haitumiki huku, kwa sababu ni ya mashine ile tu. Mwenye akaunti ya Microsoft anaandika jina hivi: MicrosoftAccount\ halafu barua pepe yake, na neno la siri la barua pepe hiyo. Sasa kuna mtego: kama tangu mashine inunuliwe imefunguliwa kwa PIN tu, inaweza kukujibu "Your credentials did not work" hata ukiandika herufi zote sawasawa. Nenda Sign-in options, zima kile kipengele kinacholazimisha Windows Hello peke yake, toka, kisha fungua mara moja pale pale kwa neno la siri lenyewe. Baada ya hapo inakubali.

Njia safi zaidi ni kutengeneza akaunti ya ndani. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

net user mgeni * /add
net localgroup "Remote Desktop Users" mgeni /add

Ile nyota inafanya uulizwe neno la siri badala ya kuliandika wazi kwenye mstari. Kumbuka kwamba akaunti mpya haioni faili zilizo kwenye Desktop ya akaunti yako ya zamani. Vya kutumia pande zote viweke kwenye folda moja, mfano diski D, uipe ruhusa.

Halafu jaribu ukiwa ndani ya nyumba kwanza. Ukiruka hatua hii utakuwa unatafuta kosa Kasulu wakati kosa liko sebuleni. Kwenye mashine ya kupokea andika ipconfig kwenye Command Prompt, soma anwani ya IPv4, tuseme ni 192.168.8.20. Kwenye mashine ya pili iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo fungua PowerShell (3389 ni mlango wa Remote Desktop):

Test-NetConnection 192.168.8.20 -Port 3389

Mstari wa mwisho ukisema True, fungua mstsc (ndiyo Remote Desktop ya upande wa anayeingia), weka anwani, umemaliza. Ukisema False, angalia kama mashine imelala, kama antivairasi ina fayawoli yake (kizuizi cha miunganisho), na kama mojawapo ya mashine iko kwenye Wi-Fi ya wageni. Wi-Fi ya wageni kwenye ruta nyingi hairuhusu vifaa kuonana. Ping isipojibu isikutishe, Windows mara nyingi hainyamazi kwa ubaya, imefungwa tu isijibu ping.

Na uifungie anwani hiyo kwenye ruta (Huawei nyingi za laini hufunguka kwa 192.168.8.1) kwenye sehemu ya DHCP (inayogawa anwani), kwa kutumia MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. La sivyo umeme ukikatika na kurudi, simu ya mtoto inaweza kuichukua ile 20.

Kijana wa Gungu

Naweka kambi hapa. Mkuu, ndani ya nyumba inafunguka vizuri. Nimefuata video ya kufungua mlango 3389 kwenye ruta ili niingie nikiwa nje, ila nje hakuna kitu. Ruta ni ya laini ya 4G.

Stesheni Tabora

Video haijakosea, ila imetengenezwa na mtu mwenye anwani yake mwenyewe. Wewe huna.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikitofautiana, maana yake nyuma ya ruta yako kuna ruta nyingine ya mtoa huduma, ambayo huna ufunguo wake. Anwani ya WAN ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hata usilinganishe, jibu unalo. Fungu hilo la 100.64.0.0/10 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa, wateja wengi nyuma ya anwani moja.

Ni kama S.L.P. ya shule. Barua za wanafunzi wote zinafika sanduku moja. Mwanafunzi akiandika kwenda nje, jibu linarudi na linamfikia kwa sababu ofisi inajua nani aliandika. Lakini mtu wa nje asiyeandikiwa kwanza akituma bahasha isiyo na jina, inaishia ofisini. Mlango uliofungua kwenye ruta yako uko wazi kweli, ila hakuna anayefika kwenye kizingiti.

Na hata aliye na faiba na anwani ya hadharani asifungue 3389 kwa dunia nzima. Kuna mashine zinazopita mtandaoni usiku na mchana zikijaribu maneno ya siri kwenye mlango huo. Mwaka 2019 likagunduliwa tundu lililoitwa BlueKeep kwenye Windows 7, XP na ndugu zake, ambalo halikuhitaji hata neno la siri. Windows 7 bado zimejaa kwenye stationery zetu, na Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Suluhisho ni mashine zote mbili zipige hodi kwenda nje, zikutane huko. Programu ya Tailscale inafanya hivyo, na mpango wake wa bure unatosha nyumba. Ndani yake ni WireGuard, teknolojia ya kusimba, kwa hiyo njia yote imesimbwa. Isakinishe kwenye mashine zote mbili, ingia kwa akaunti moja, kila moja inapewa anwani ya 100 kitu. Kwenye mstsc unaandika anwani hiyo badala ya 192.168. Ruta haiguswi kabisa.

Mipangilio miwili ambayo watu hawaiwashi kisha wanaisingizia programu. Wa kwanza, kwenye Windows bofya alama yake pembeni ya saa, Preferences, weka tiki "Run unattended". Bila hiyo Tailscale inasubiri mtu aingie kwenye akaunti yake ndipo iamke. Umeme ukikatika na kurudi, mashine itasimama kwenye skrini ya kuingia na wewe utakuwa nje unagonga. Wa pili, ufunguo wa kila kifaa kwa kawaida unaisha baada ya siku 180. Ingia kwenye tovuti yao ya usimamizi, chagua ile mashine ya nyumbani, bonyeza "Disable key expiry". Vinginevyo miezi sita kamili baadaye inakata, na ni lazima mtu akae mbele yake kuifungua tena.

Kijana wa Gungu

Imekubali. Ila inavuta kidogo, mausi inachelewa.

Stesheni Tabora

Andika tailscale status. Kwenye mstari wa mashine ile, ukiona "relay" maana yake hazikuweza kushikana moja kwa moja, zinapitia seva ya kati. Ukiona "direct" zimeshikana. Laini ya simu upande mmoja na faiba upande wa pili mara nyingi zinafika direct. Laini pande zote mbili, hapo ni bahati. Andika tailscale ping na jina la mashine, acha ijaribu mara kadhaa, wakati mwingine inaanza relay kisha inahamia direct yenyewe.

Mama Katubuka

Mbona mnajitesa hivi? AnyDesk unapakua, unasoma namba, unamtajia mtu, mnaonana. Dakika mbili.

Fundi wa Mwanga

Dada, kwa kutazama pamoja uko sahihi. Na kwa Windows 10 na 11 hata hiyo huna haja ya kupakua, Quick Assist mara nyingi imo ndani. Bonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na Q kwa pamoja. Anayesaidia ndiye anayehitaji akaunti ya Microsoft, anapata kodi (msimbo wa muda), anaitaja kwa simu, na kodi inakufa baada ya dakika 10. Mzee wa Ujiji haandiki chochote zaidi ya kodi hiyo na kubonyeza kukubali. Mwanzoni unatazama tu, ukitaka kushika mausi unaomba na yeye anakubali tena. Kwa wazazi hii ndiyo ninayoitanguliza, kwa sababu hakuna kinachobaki wazi mkishaagana.

Shida ya AnyDesk na TeamViewer za bure ni kwamba ni kwa matumizi binafsi. Ukiunganisha mashine nyingi, programu inakuhisi ni biashara na kuanza kukukatia kikao. Na zote zinategemea seva za nje: mkiwa nyumba moja bila bando, namba hazifanyi kazi kirahisi.

RustDesk inanishawishi kwa hilo. Ni huria, na ukienda Settings, Security, ukawasha "Enable direct IP access", unaandika anwani ya IP badala ya namba, hata intaneti isipokuwepo. Mlango wake ni 21118. Ukiweka ile anwani ya 100 ya Tailscale inapita pia. Kwa hiyo mwenye Windows Home: Tailscale, RustDesk, neno la siri la kudumu, kazi imekwisha.

Lakini isakinishe, usiiendeshe tu kutoka Downloads. Ukiiendesha bila kusakinisha, likitokea dirisha la kuomba ruhusa ya msimamizi wewe wa mbali huwezi kulibonyeza, na mashine ikijifunga hupiti. Ikisakinishwa inakaa kama huduma, hata skrini ya kuingia unaiona.

Mwalimu Heru

VNC, ile njia kongwe ya kuonyeshana skrini, mmeisahau.

Stesheni Tabora

Haijasahauliwa, mwalimu. TightVNC, mojawapo ya programu zake, kwa darasa au ofisi moja, mlango 5900, ni nyepesi hata kwa mashine kongwe, na ina neno la siri la pili la kutazama bila kugusa. Hilo ni zuri kwa kuonyesha wanafunzi. Ila neno lake la siri linaishia herufi 8, ukiandika 15 inazisoma 8 za mwanzo. Na picha inasafiri bila kusimbwa. Ndani ya nyumba sawa, au juu ya Tailscale. Isitoke nje uchi.

Dagaa Kibirizi

Bando jamani. Hili ndilo linaloamua huku.

Hesabu ni nyepesi: kilobiti 200 kwa sekunde kwa saa nzima ni MB 90. Megabiti 1 kwa sekunde ni MB 450. Kuandika barua au kufungua jedwali la Excel kwa Remote Desktop kunaweza kukaa kwenye ile ya kwanza, kwa sababu skrini isiyobadilika haitumi kitu. Ukicheza video kule ndani uitazame huku, hesabu zote zinavunjika, na bando linakatwa pande zote mbili kama nyumba zote ni za laini. Watu wanasahau hilo: kompyuta ya nyumbani inapakia, nayo inalipa.

Kwenye mstsc bonyeza "Show Options". Display: shusha hadi 1280 kwa 720, rangi biti 16. Experience: chagua ile ya 256 Kbps hadi 2 Mbps, ondoa tiki ya picha ya ukutani. Local Resources: sauti isichezwe, printa na diski ondoa kama huzihitaji. Kisha "Save As", upate faili ya kubofya yenye mipangilio hiyo. Kwenye RustDesk chagua "Optimize reaction time" na ushushe idadi ya fremu. Na kule nyumbani Windows iambie mtandao ni wa kupimwa, "Metered connection", la sivyo utakuwa unafanya kazi huku sasisho linashuka chini kwa chini.

Faili kubwa usizihamishe hivi. GB 40 za picha kwa mwendo wa kupakia wa megabiti 2 ni zaidi ya saa 44 bila kukatika. Diski ya nje ikipanda basi la Kasulu asubuhi inafika kabla ya mchana kwisha.

Walio karibu na mpaka, Manyovu au Kagunga kule: zima data roaming kwenye ruta na chagua mtandao kwa mkono. Ruta ikiachwa ijichagulie inaweza kushika mnara wa ng'ambo, kompyuta ikaonekana imepotea wakati imewaka.

Umeme Kasulu

Mmeongea mtandao, umeme hamjaugusa. Mashine iliyozimika huingii kwa programu yoyote.

Ingia BIOS (mipangilio ya ubao mama kabla ya Windows kuwaka), tafuta "Restore on AC Power Loss" au jina linalofanana, weka Power On. Umeme ukirudi, dekstopu inajiwasha yenyewe. Ukiikosa hiyo, hayo mengine yote ni mapambo. Kisha izuie kulala: powercfg /change standby-timeout-ac 0. Laptopu weka kwamba kufunga mfuniko kusifanye kitu ikiwa kwenye chaji.

Wale wa Wake-on-LAN, kuiwasha kwa pakiti: lazima waya, siyo Wi-Fi, ErP (kipengele cha kubana umeme) izimwe kwenye BIOS, Fast Startup izimwe (powercfg /h off inaiondoa pamoja na usingizi mzito), na kwenye kadi ya mtandao uruhusu "Wake on Magic Packet". Hata hivyo pakiti hiyo haipiti ndani ya Tailscale, kwa kuwa ni tangazo la mtandao wa ndani tu. Inabidi kifaa kingine kilichowaka mle nyumbani ndicho kiitume. Tena bodi nyingi, umeme ukishakatika kabisa, hazisikii pakiti mpaka ziwashwe mara moja kwa mkono. Kwa umeme wetu, Power On ina faida kuliko Wake-on-LAN.

Sasa kosa ambalo mafundi wengi wanalikosa. Betri ya ubao mama, ile CR2032 ya volti 3, ikifa, kila umeme unapokatika saa inarudi miaka nyuma. Mashine inawaka vizuri, Wi-Fi ipo, lakini Tailscale haiungani na tovuti zinalalamika vyeti. Cheti kinasomeka hakijaanza kutumika, kwa kuwa mashine inadhani tuko mwaka mwingine. Ukiona kompyuta inapotea kila baada ya umeme kukatika na inarudi mtu akirekebisha saa, usiguse mtandao, badilisha betri. Wakati unasubiri betri, irekebishe saa kwa mkono.

Matumizi: dekstopu ya wati 50 ikikaa saa 24 ni uniti 1.2, mwezi uniti 36. Kwa aliye kwenye tarifa ya matumizi madogo yenye ukomo wa uniti 75, hiyo ni karibu nusu. Laptopu ya wati 15 ni kama uniti 11 kwa mwezi, na betri yake ni UPS ya bure. Ruta itafutie UPS ndogo ya DC, lakini soma adapta kwanza: ya volti 12 usiichomeke kwenye tundu la 9, wala kinyume chake.

Mama Katubuka

Hii ya saa imenifungua macho, nilikuwa nalaumu laini. Na matapeli je? Kuna wanaopiga simu wakijiita huduma kwa wateja, wanataka usome namba ya AnyDesk.

Fundi wa Mwanga

Hakuna benki wala kampuni ya simu inayohitaji kuona skrini yako kukurudishia hela. Anayeomba namba hiyo anataka kusoma ujumbe wa uthibitisho ukiingia. Mtu akishaingia, chomoa waya wa mtandao au zima ruta kwanza, usihangaike kutafuta kitufe cha kufunga. Kisha ondoa programu, na ubadilishe maneno ya siri kutoka kifaa kingine, siyo hicho.

Kwa mashine ya kudumu, kwenye fayawoli ya Windows fungua kanuni ya Remote Desktop, Scope, na kwenye anwani za mbali ruhusu 100.64.0.0/10 (fungu zinamotoka zile anwani za 100 za Tailscale) na mtandao wa ndani tu. Dakika moja.

Kijana wa Gungu

La mwisho wakuu. Nimetoa monita kwenye ile dekstopu nikaihamishia mezani kwangu. RustDesk inaingia, lakini ni weusi mtupu. Remote Desktop haina shida.

Stesheni Tabora

Remote Desktop inajitengenezea skrini yake, RustDesk inapiga picha skrini iliyopo. Umeondoa monita, hakuna cha kupiga picha. Nunua kile kichomeko kidogo cha HDMI kinachojifanya monita, chomeka nyuma, washa upya. Usipokipata mjini, rudisha monita yoyote, hata yenye kioo kilichopasuka, mradi inawaka.

Kijana wa Gungu

Ipo ya kuchubuka stoo. Narudi kuleta mrejesho.